Josphat Kahiga Wainaina na Karavani Isiyo na Mwenyewe

3 Mei 1958 – 16 Oktoba 2025

Wasifu uliosomwa na bintiye Nyawira nyumbani kwao Kitengela, Ijumaa tarehe 24 Oktoba 2025

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemsindikiza leo alikuwa mtu wa wasiwasi. Tulikubaliana nyumbani kwamba jambo hilo lisemwe mapema, kwa kuwa nyote mnalijua, na maisha yake hayasimuliki bila hilo. Aliyekuja kututembelea hapa hakuondoka kabla Mzee hajalizunguka gari lake na kugusa tairi moja moja kwa mguu. Aliyekuja kwa miguu aliulizwa amevaa nini ndani ya viatu.

Marehemu Josphat Kahiga Wainaina alizaliwa tarehe 3 Mei 1958 huko Ndeiya, Kiambu, akiwa mtoto wa pili wa hayati Wainaina Kiama na hayati Nyawira. Mwaka 1964 wazazi wake walihamia Kiserian, babake alikopata kazi ya kuchonga mawe, na huko ndiko alikolelewa. Mamake alipenda kusimulia kwamba siku za mvua mtoto huyu alikataa kwenda shule mpaka kwanza akaone kama daraja lipo. Akiliona lipo, alirudi nyumbani kusema lipo, kisha ndipo akaenda shule, akachapwa kwa kuchelewa.

Alisoma shule ya msingi pale Kiserian kuanzia 1965 hadi 1972, kisha akaenda sekondari huko Limuru na kumaliza kidato cha nne mwaka 1976. Alitamani kusomea ufundi wa mitambo. Lakini babake aliangukiwa na jiwe machimboni, akavunjika kiuno, na Kahiga akarudi Kiserian kuwa tanboi, yaani msaidizi wa dereva, kwenye malori ya mawe. Alipata leseni ya kuendesha mwaka 1979.

Mwaka 1983 aliajiriwa kuwa dereva wa idara ya afya mjini Kajiado, na kwa sehemu kubwa ya miaka iliyofuata aliendesha ambulensi. Hakuwahi kupinduka. Wenzake walimtania kwamba huomba breki msamaha kabla ya kuzikanyaga. Lakini mgonjwa akiwa wao, mke au mtoto, walikuwa wakiuliza kimyakimya kama Kahiga yuko zamu.

Jumamosi tarehe 13 Desemba 1986 alifunga ndoa na Soipan, muuguzi aliyekutana naye kazini, binti wa familia ya wafugaji wa upande wa Mashuuru. Siku moja kabla ya harusi, bwana harusi aliondoka Kajiado peke yake, akaifuata ile njia yote hadi kwa wakwe, akateremka kwenye kila kivuko kupima maji kwa fimbo, kisha akarudi. Asubuhi ya harusi alifika na magari mawili, moja likiwa tupu. Parsaoti, kaka mdogo wa bibi harusi, alimuuliza hilo tupu ni la nani.

“Ni la kama hili lingine litakwama,” akajibu.

Halikukwama. Parsaoti alicheka mpaka akaketi chini, na kuanzia siku hiyo alimwita laputani, yaani shemeji kwa Kimaa, hata mbele ya watu wasiojua neno la Kimaa. Mungu aliijalia ndoa hiyo watoto watatu: mimi Nyawira, Wainaina na Jackie.

Kuna siku moja ambayo Baba hakuizungumzia kwa miaka mingi. Mnamo Novemba 1997, mvua ziliponyesha bila kupumzika, alitumwa kumchukua mama mjamzito ng'ambo ya mto wa msimu, upande wa Mashuuru. Wakati wa kwenda alivuka. Wakati wa kurudi mto ulikuwa umejaa kingo hadi kingo. Alisimamisha gari pale ukingoni, mumewe yule mama akashuka akaingia majini hadi kifuani kuona kama panapitika, akarudishwa na maji. Walisubiri. Muuguzi aliyekuwa nyuma alifanya alichoweza. Mama yule alifariki humo garini, pamoja na mtoto aliyekuwa tumboni, mto ukipita mbele ya boneti na zahanati ikionekana ng'ambo ya pili. Hakuna aliyelaumiwa. Baba alirudi nyumbani siku mbili baadaye, akamwambia Mama neno moja tu: “Wangekuwa tu upande ule mwingine.”

Tangu hapo, mvua ikianza, alikuwa hawezi kuketi. Sisi watoto tulizoea kumwona amesimama verandani, akiangalia upande wa Mashuuru kana kwamba kutoka Kitengela mtu anaweza kuona mto wa huko.

Alistaafu mwezi Mei 2018. Tulikuwa na hofu naye, maana mtu wa wasiwasi asiye na kazi huanza kuwafanyia kazi wengine. Alikagua taa zetu, gesi yetu, leseni zetu za gari. Desemba ya mwaka huo tulienda kwa wajomba Mashuuru kwa Krismasi, na Parsaoti, akitaka kumtoa nyumbani kidogo, alimtembeza malishoni. Nyuma ya josho la zamani la ng'ombe, lililoachwa miaka mingi, Baba aliona kitu kikubwa cha mviringo kimeegemea mti wa mgunga. Ilikuwa karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu ambayo watu wa zamani waliikokota kwa gari na kulala ndani yake popote. Ilikuwa ya alumini tupu, imepakwa rangi nyeupe iliyobabuka. Magurudumu yalikuwa yamezama udongoni. Mbuzi walikuwa wakilala ndani, na nyuki walikuwa wameshika kona moja ya paa.

“Hii ni ya nani?” Baba aliuliza.

“Ya mbuzi,” Parsaoti akasema.

“Laputani, nauliza mwenyewe.”

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba hakuna anayejua. Haikuwa na namba ya usajili. Mahali palipokuwa na kibao cha kiwanda palibaki matundu ya skrubu tu. Wengine walisema iliachwa na wapima ardhi. Wengine walisema ni ya Mzungu aliyekuwa akitafuta vito, wengine wakasema ni ya watu wa chanjo ya ng'ombe. Yeiyo, yaani mamake Mama, ambaye wakati huo alikuwa hai, aliulizwa naye. Alifikiri, akasema, “Nilipoletwa hapa kama bibi harusi haikuwepo. Nilipomzaa Parsaoti ilikuwepo tayari.” Zaidi ya hapo hakuna aliyeweza kusema lolote.

Baba aliingia ndani kwa kuinama, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa na kinyesi cha mbuzi magotini. Alimwambia Mama kwamba ndani mnaingia vitanda viwili na meza. Akasema mama mjamzito wa ng'ambo ya mto angeweza kukaa humo wiki zake za mwisho, karibu na zahanati, ili mvua ikija imkute upande unaofaa. Mama anasema hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu 1997 kumsikia akitaja habari ya mto ule kwa sauti ya kawaida.

Lakini kitu cha mtu ni cha mtu. Baba alienda kwa chifu, akaenda kituo cha polisi, akatangaza makanisani Mashuuru na Isinya, na akalipia tangazo kwenye redio ya Kimaa. Hakuna aliyejitokeza. Mwishowe chifu alimwambia aichukue, aitengeneze.

“Na mwenyewe akija?” Baba aliuliza.

“Akija utampa.”

Maneno hayo mawili yalikaa na Baba miaka yote iliyofuata.

Februari 2019 karavani ilichimbuliwa, ikafungiwa magurudumu ya kuazima, na Parsaoti akaikokota kwa trekta hadi kwenye lami. Kutoka hapo ililetwa kwa gari kupitia Isinya hadi hapa. Baba alikuwa kwenye gari la nyuma, akipiga honi kila bati likitikisika. Ilisimamishwa pale kando ya tangi la maji, na ndipo kazi ikaanza, yeye pamoja na Mulei, fundi wa mabati mwenye karakana yake hapa Kitengela, ambaye leo ni mmoja wa waliobeba jeneza.

Wengi wenu mlipita mkaona, lakini huenda hamkujua ni kazi ya namna gani. Walihamisha nyuki. Walitoa mbao za ndani, ambazo mchwa walikuwa wamezila zikabaki umbo tu. Walitoboa riveti kuukuu, zile pini za kuunganisha mabati, moja baada ya nyingine ili kulegeza mabati yaliyopasuka, wakayabandua, wakayanyoosha kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga. Alumini ya zamani ikipigwa kwa haraka hupasuka, na Baba alishika pumzi kila nyundo iliposhuka, mpaka Mulei akamwomba aende akanunue chai. Walikwangua rangi. Chini ya nyeupe kulikuwa na kijani, na chini ya kijani alumini yenyewe, ambayo ilipopigwa msasa mwembamba iling'aa hata majirani wakalalamika mwanga unawaingilia jikoni.

Na kila jioni Baba aliifunika yote kwa turubai. Kitengela inapitiwa na magari ya kila mahali, na aliogopa mtu atapita barabarani, atazame, aitambue.

“Unaitangaza kanisani na unaificha nyumbani,” Mama alimwambia. “Shika moja.”

“Nimetangaza. Nikifunika sijakataza mtu kuuliza.”

“Baba Nyawira, wewe unataka mwenyewe aje au asije?”

Gari lolote likipunguza mwendo pale nje, aliweka chini alichoshika. Hata pikipiki.

Walipong'oa sakafu, chini ya plaiwudi iliyooza walikuta kijiko kidogo cha mtoto, kifungo cha koti na kiatu kimoja cha mtoto anayeanza kutembea. Baba alisimamisha kazi. Siku kadhaa hakugusa kitu.

“Kuna mtoto aliishi humu,” alimwambia Mama.

“Watoto hukua.”

“Na kama hakukua?”

Mama alikiosha kijiko, akapangusa kiatu, akaviweka vyote kwenye mkebe wa majani ya chai na kuupandisha juu ya kabati. Alisema mwenyewe akija atavikuta salama. Kisha akamwambia Baba arudi kazini, maana kuna mama wengine walikuwa tayari wamepata mimba huko Mashuuru na wao hawasubiri.

Aliendelea. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka uliofuata, yeye na Mulei walifanya kazi mmoja ndani na mwingine nje, wakizungumza kupitia dirisha lisilo na kioo. Waliweka mbao mpya, sakafu mpya, ekseli ya trela ndogo, springi na beringi. Kila mtu alimwambia hizo beringi ni kazi ya bure, kwa sababu ikifika Mashuuru itawekwa juu ya mawe isiondoke tena. Alizipaka grisi hata hivyo.

Juni 2022, ilipobaki raba za madirisha ambazo hazikupatikana Kitengela wala Nairobi, kitu alichokiogopa kilifika. Jackie alikuwa amepiga picha karavani na kuiweka mtandaoni, akijivunia babake. Wiki iliyofuata mwanamume aitwaye Nick alipiga simu. Alisema babake alikuwa mjenzi wa barabara katika nchi hii, kwamba yeye alizaliwa hapa na utotoni waliishi kwenye karavani ya alumini iliyoachwa mahali fulani upande wa Kajiado. Ameitafuta kwa muda mrefu. Aliomba kuja kuiona.

Baba alimwambia karibu. Alipokata simu, alimwomba Jackie msamaha kwa maneno makali ambayo hata hakuwa ameyasema.

Siku ya kuja kwa Nick, Baba alivaa suti. Alitoa turubai yeye mwenyewe. Aliweka mkebe wa majani ya chai juu ya meza ya ndani, na ufunguo wa mlango kando yake. Wainaina alimwambia kwamba baada ya matangazo yote yale, na kazi ya miaka mitatu, hata wakili angemtetea. Baba akasema, “Akiwa ni mwenyewe, hiyo kazi nimemfanyia yeye.”

Nick alikuwa Mzungu mzee mwenye fimbo, na Kiswahili chake kilikuwa chepesi kama chetu. Alisalimia watu wote, kisha akasimama mbele ya ile karavani akivua kofia. Aliigusa. Tuliona machozi yanamtoka, na Baba akaangalia chini. Nick akaizunguka polepole, upande huu, nyuma, upande ule. Akarudi mbele. Akazunguka tena.

“Mzee Kahiga,” alisema, “mlango huu mliuhamisha?”

“Hapana. Uko pale tulipoukuta.”

“Wetu ulikuwa upande wa pili. Mama alikuwa akitoka anamwaga maji barabarani, Baba anamgombeza.” Aliingia ndani, akatazama kijiko na kiatu, akatikisa kichwa. “Si yenyewe. Nilitaka sana iwe, lakini si yenyewe.”

Baba aliketi kwenye ngazi ya karavani akaomba maji. Nick naye akaketi kando yake. Baadaye Baba alimfuata Mama jikoni.

“Mama Nyawira, yule mzee analia na mimi nimefurahi. Nifanyeje?”

“Mpelekee chai kwanza.”

Alimpelekea. Walikaa mpaka jioni, na Nick alisimulia habari za mamake na maji yale. Miezi miwili baadaye kifurushi kilifika kutoka ng'ambo. Zilikuwa raba za madirisha, za kipimo kilekile. Nick alifariki mwaka jana, na familia yake imetutumia salamu za rambirambi ambazo zitasomwa baadaye.

Mwenyewe wa karavani ile hajajulikana hadi leo.

Septemba 2022 ilikokotwa kurudi Mashuuru na kuwekwa nyuma ya zahanati, kwa ruhusa ya kamati yake. Ilikuwa na vitanda viwili, mapazia ya Mama, na jiko nje chini ya kibanda. Hakuna mama aliyekubali kulala humo. Watu walikuwa wakikumbuka josho, mbuzi na nyuki, na wengine walisema nyumba iliyoachwa na wasiojulikana ina sababu yake. Kila asubuhi Baba alipiga simu zahanati kuuliza kama kuna mtu. Hakuna. Ndipo Mama, muuguzi mstaafu, alipofunga virago akaenda kukaa humo mwenyewe. Alipika chai kila asubuhi na kumkaribisha kila aliyepita. Mwisho wa juma mwanamke mmoja mzee aliingia, akabonyeza magodoro yote, akafungua na kufunga madirisha, akatoka. Kesho yake alimleta mke wa mwanawe. Baada ya hapo haikukaa tupu.

Mngedhani Baba sasa atatulia. Hakutulia. Aliogopa upepo, aliogopa moto wa jiko, aliogopa korongo dogo lililokuwa nyuma ya zahanati ingawa watu wote walimwambia halijawahi kutoa maji. Kila alipokwenda alipima upepo wa tairi za karavani.

“Laputani, hii kitu haiendi mahali,” Parsaoti alimwambia.

“Najua. Niletee pampu.”

Mwishoni mwa Aprili 2024 mvua ilinyesha hata hapa Kitengela watu wakahama nyumba. Baba alimwambia Mama waende Mashuuru. Walifika, na asubuhi iliyofuata korongo lile ambalo halijawahi kutoa maji likatoa. Kufikia saa sita mchana vyumba vya zahanati vilikuwa na maji hadi magotini, na karavani, kwa kuwa ilikuwa juu ya magurudumu, ndiyo pekee iliyokuwa kavu ndani. Humo alikuwa Dinah, msichana aliyekuwa akisubiri mtoto wake wa kwanza, na uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri. Mama na muuguzi wa zamu walikuwa naye.

Maji yaliendelea kupanda. Yalifika kwenye ekseli. Parsaoti alileta trekta, wakaondoa mawe wakiwa wameinama ndani ya tope, wakainua kulabu na kuifunga. Parsaoti akashuka kwenye kiti.

“Endesha wewe. Mimi nitaipeleka mbio.”

Baba hakuwa ameendesha mgonjwa tangu astaafu. Walikubaliana na Mama kwamba yeye akigonga ukuta wa karavani mara moja, Baba asimame, akigonga mara mbili aende. Kisha akaanza kuipandisha kwenye mwinuko wa kanisa, polepole, maji yakipita chini yake, na sisi tuliosimuliwa baadaye na Parsaoti tunajua kwamba midomo yake ilikuwa ikisema kitu njia nzima bila sauti. Magurudumu yalizunguka. Ukuta ukagongwa mara moja: alisimama. Mara mbili: akaenda. Walipofika katikati ya mwinuko, Mama aligonga mara moja, kwa nguvu. Baba akasimama. Akangoja. Ukuta haukugongwa tena. Mvua ilikuwa ikipiga alumini kwa kishindo, na hakuna aliyeweza kusikia kilichokuwa kikiendelea ndani. Parsaoti anasema aliongea naye na Baba hakumsikia. Alikuwa ametazama mbele tu, mikono yote miwili kwenye usukani, mguu kwenye breki, kama mtu aliyefika ukingoni mwa mto.

Kisha dirisha likafunguliwa, na kabla Mama hajasema neno mtoto alilia.

“Msichana!” Mama alipiga kelele. “Wote wazima! Baba Nyawira, umesikia? Wote!”

Alisikia, lakini hakushuka. Ilibidi Parsaoti apande trekta na kumbandua vidole kwenye usukani kimoja kimoja, akimwambia, “Ashe oleng, laputani, ashe oleng,” yaani asante sana. Wazazi wa mtoto walitaka kumpa jina la upande wa Baba. Alikataa katakata. Alisema jina lake litampa mtoto wasiwasi. Mtoto akaitwa Nashipae, yaani mwenye furaha, na leo yuko hapa na wazazi wake.

Machi 2025 Baba alianza kuchoka akipanda ngazi. Alisema ni umri. Ilipofika Mei miguu yake ilikuwa imevimba, na madaktari walituambia kwamba moyo wake umepanuka na umedhoofu. Alipewa dawa, akalazwa mara mbili, akarudi nyumbani. Sisi tulitarajia kwamba mtu aliyeogopea kila kitu ataogopea moyo wake kuliko vyote. Haikuwa hivyo. Mgeni aliondoka na gari lake, Baba akabaki kitini. Mvua za Septemba zilidondoka kidogo, naye hakwenda verandani. Mama alimwona, akaja kuniambia nje, akilia, “Nyawira, babako ameacha kuwa na wasiwasi.” Hapo ndipo sisi tulipoogopa kweli. Tulianza kupokezana kumlinda, tukisikiliza anavyopumua, tukiamka kugusa mkono wake. Kazi aliyoifanya yeye maisha yake yote tuliigawana watu wanne, na hatukuiweza.

Jioni ya Jumatano tarehe 15 Oktoba nilikuwa nimeketi naye. Nilimuuliza kama anaogopa.

“Hapana,” akasema. Alionekana kushangaa yeye mwenyewe. Kisha akanigeukia. “Wewe je?”

“Ndiyo, Baba.”

Akanishika mkono. “Basi kaa hapa.”

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 2025, baada ya kunywa uji, Mzee Josphat Kahiga Wainaina aliaga dunia akiwa nyumbani kwake, mkewe akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Kamati ya mazishi iliomba karavani iletwe hapa leo, isimame karibu na kaburi ili watu waione. Lilikuwa wazo zuri, na lori lilikuwa limepatikana. Jumanne Mama alipiga simu Mashuuru. Akaambiwa kuna wawili wanasubiri humo, mmoja akiwa na mimba ya mapacha, na mawingu yamefunga. Mama alisema isiguswe. Kwa hiyo waliokuja wakitarajia kuiona tunawaomba radhi. Iko na watu.

Marehemu ameacha mjane, Mama Soipan Kahiga, watoto, Nyawira, Wainaina na Jackie, wakwe na wajukuu wanne, dada mmoja, shemeji yake na rafiki yake Parsaoti, pamoja na familia nzima ya Mashuuru, na fundi wake Mulei, ambaye ameomba atajwe pamoja na ndugu, nasi tumekubali.

Baba, pumzika sasa kwa amani. Tumelizunguka gari, na kila tairi iko sawa.